Massey Ferguson 135 la marehemu baba: ovahol, injini iliyotumika, au kufunga injini ya pikapu?

ViaziMviringo_Njombe (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina Massey Ferguson 135 aliloacha marehemu baba. Alilinunua mwaka 1983 likiwa limeshatumika, likatulimia na kutubebea mazao mpaka mwaka 2011, siku lilipozimika likipanda kilima na tela la viazi. Halikuwaka tena. Limekaa chini ya mparachichi miaka yote hiyo, mvua yake jua lake. Mwezi uliopita tulilivuta mpaka kwenye gereji ya nyumbani, banda la matofali lenye sakafu ya zege, mita nne kwa sita.

Hali yake: injini imekamata, hata ukiweka spana ndefu kwenye nati ya puli haitikisiki. Rejeta imeoza. Oili ya giaboksi imekuwa kama maziwa. Tairi za nyuma zimepasuka ubavuni. Boneti na madigadi vimekula kutu ila havijatoboka.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni ovahol ya injini yake yenyewe, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya. Ya pili, kuna jamaa Makambako anauza injini iliyotoka kwenye MF 240, anasema inawaka. Bei yake ni karibu mara mbili ya seti ya ovahol pamoja na kazi ya karakana. Ya tatu, fundi mmoja wa hapa mjini ananisisitiza niachane na injini yake ya Perkins nifunge injini ya dizeli ya pikapu, kwa sababu spea zake zipo kila duka.

Nataka lifanye kazi, eka sita za viazi na mahindi. Lakini pia ndilo trekta nililojifunzia kuendesha nikiwa nimekaa juu ya digadi, kwa hiyo sitaki kuliharibu. Waliowahi kupita njia hizi naomba wanisaidie.

Fundi_Mbarali

Mkuu, pole na hongera kwa kulitoa mvuani. Naanza na ile ya tatu kwa sababu ndiyo itakayokuumiza.

Trekta hilo halina chesisi. Bloku ya injini na sampu yake (bakuli la oili la chini) nzito ya chuma cha kutupwa ndivyo vinavyobeba ekseli ya mbele, na nyuma vimekazwa kwa bolti kwenye nyumba ya klachi na giaboksi. Injini ndiyo uti wa mgongo. Injini ya pikapu imetengenezwa ikalie mipira ndani ya chesisi, na sampu yake ni bati. Ili ikae hapo lazima uchomelee fremu ya kubeba ekseli, ukereze sahani ya kuiunganisha na nyumba ya klachi, halafu utafute namna ya flaiwili na klachi kukubaliana. Nimeona mawili yaliyofanyiwa hivyo. Moja lilikatika kwenye weldi jembe likiwa ardhini. La pili linatembea, ila ni la kuvuta tela tu.

Halafu kuna mizunguko. Perkins yako inatoa nguvu za farasi 45 hivi kwenye mizunguko 2,250 kwa dakika. Ya pikapu inatafuta nguvu zake huko kwenye 4,000. Ukiiendesha taratibu kama trekta, huzipati farasi zake zote. Ukiikanyaga mpaka izipate, PTO, ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, ambayo mashine zako zinataka izunguke 540 kwa dakika, itapita mbali sana, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Hiyo ya tatu ifute. Shindano ni kati ya mbili za kwanza.

Cheptoo_Uasin_Gishu

Hamjambo nyote. Mimi nilifuata njia ya pili miaka minne iliyopita, 135 ya mzee wetu ikavishwa injini ya MF 240. Kwa kufunga haikuwa shida. MF 240 zinazotengenezwa na Millat kule Pakistan zinatumia Perkins AD3.152 ileile, silinda tatu, lita 2.5. Matundu ya bolti yalikubali, klachi ikakubali. Siku mbili kazi ikaisha.

Shida ilikuja baadaye. Muuzaji alikuwa ameiwasha kabla sijafika, nami nikaona inawaka vizuri nikatoa pesa. Baada ya msimu mmoja presha ya oili ikaanza kushuka ikipata moto. Tulipofungua tukakuta krenki, mhimili mkuu wa injini, imeshachongwa hadi thelathini (sehemu thelathini kati ya elfu za inchi), na dukani hatukupata metali, yaani beringi zake, za saizi inayofuata. Ikabidi tununue krenki.

Kwa hivyo ukienda Makambako, gusa bloku kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine bila kupiga simu. Ikiwaka, fungua mfuniko wa oili uone kama inapumua moshi kwa nguvu. Tazama maji ya rejeta kama yanatoa mapovu. Na umwombe afungue sampu, atoe kepu moja ya konrodi, usome namba iliyoandikwa mgongoni mwa metali. Akikataa hilo la mwisho, umepata jibu lako.

ViaziMviringo_Njombe

Dada Cheptoo, asante sana. Hilo la kugusa bloku nisingeliwaza. Nitaenda Jumatano.

Babu_wa_Nozeli_Moshi

Mwanangu, nimezifungua Perkins za silinda tatu tangu nikiwa kijana wa kushika tochi. Kabla hujanunua chochote fungua silinda hedi yako, maana hapa tunabishana juu ya injini ambayo hakuna aliyeiona ndani.

Naomba sana usilivute likiwa kwenye gia ili kulazimisha injini izunguke. Utapinda konrodi, na ulichokuwa nacho kikiwa kizima utakiua. Toa nozeli tatu, mimina kwenye kila silinda dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya giaboksi ya otomatiki, uache wiki nzima, kila siku unajaribu kidogo kwa spana, mbele na nyuma.

Ekzosi yako ni ile ya kusimama juu ya boneti? Na ilikuwa haijafunikwa? Kama ndivyo, mvua imeshuka ikaingia kwenye silinda ambayo vali yake ya kutolea moshi ilikuwa wazi siku lilipozimika. Mara nyingi utakuta silinda moja imeoza na mbili zinang'aa. Watu wanaona injini imekamata wanadhani imekufa yote.

Sasa silivu, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka. Injini hii ina silivu kavu, nyembamba, zinazosukumwa ndani ya bloku, na kuna aina mbili ambazo wenye maduka wanazichanganya. Zipo za kromu ambazo zimeshamalizwa: unaingiza na kazi imekwisha, usizikwangue wala kuzikereza, maana ukitoboa hiyo kromu umezitupa. Zipo za chuma cha kawaida zilizomalizwa nusu, ambazo lazima zikerezwe zikiwa ndani ya bloku mpaka zifike milimita 91.4. Pistoni na ringi za aina moja hazifai kwenye nyingine. Ringi ya kromu ndani ya silivu ya kromu haitakaa kamwe, itakula oili mpaka uichukie. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, nenda nayo dukani, ununue seti ya boksi moja.

Silivu za zamani zikitoka, pitisha kidole kwenye matundu ya bloku. Ukikuta ukuta umeliwa na kutu, au kuna ufa kwenda kwenye njia ya maji, hapo nami nitakwambia nenda Makambako. Ukikuta ukuta msafi, bloku hiyo itawalimia na wajukuu.

Sili ya nyuma ya krenki kwenye za zamani ni ya kamba. Iloweke kwenye oili, uilaze kwa kuiviringishia chuma cha duara, usiipige nyundo. Ikivuja, oili inakwenda kwenye klachi, na kuifikia tena ni kulitenganisha trekta upya. Vali uzipe nafasi ya 0.30 mm injini ikiwa baridi.

Pampu ya dizeli usihangaike nayo. Nunua mpya.

Fundi_Mbarali

Shikamoo Babu. Yote nakubaliana nawe isipokuwa pampu.

Hiyo ni CAV DPA, na hakuna oili inayoilainisha ndani zaidi ya dizeli yenyewe. Mkuu anasema trekta lilizimika 2011 likiwa na mzigo, halikuwaka tena. Kumbukeni dizeli ya miaka ile. Uchakachuaji ulikuwa umezidi, watu wanachanganya mafuta ya taa, mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka huohuo ili faida ya kuchanganya iishe. Mafuta ya taa ni makavu, pampu kama hii inasagika. Mimi naamini kilichoua trekta ni pampu, na injini imekamata kwa kutu baadaye, chini ya mparachichi.

Lakini mpya nyingi zinazouzwa mitaani ni za kuiga. Nimefunga mbili, zote gavana ikawa inawinda, injini inapanda na kushuka bila mtu kugusa mkono wa mafuta. Mwili wa ile ya asili ukiwa mzima, ipeleke kwa fundi mwenye benchi la kupimia, abadilishe hedi na rota na sili.

Babu_wa_Nozeli_Moshi

Marahaba. Kwa aliye karibu na fundi wa benchi, sawa. Njombe atapelekea wapi? Ila hoja ya mafuta ya taa ina uzito, sikuwa nimeifikiria.

Fundi_Mbarali

Mbeya wapo, Babu. Anaweka kwenye ndoo, anaituma kwa basi.

Mswahili_Peterborough

Wapendwa, nawasoma nikiwa mji uleule Perkins zinapotoka. Trekta lenyewe lilikuwa likiunganishwa Coventry, kiwanda cha Banner Lane, kuanzia mwisho wa mwaka 1964 hadi 1975. Namba ya kiwandani iliyo kwenye kibamba cha mtengenezaji itakuonyesha mwaka wake halisi, itafute kabla hujapaka rangi, wengi huipulizia ikapotea.

Huku watu wanayafufua kwa ajili ya maonyesho, wanahangaikia hata kichwa cha bolti kiwe cha enzi hizo. Nilichojifunza kwao ni kimoja: rangi inakuja mwisho kabisa. Nimeona gereji nyingi zenye trekta jekundu linalong'aa ambalo halijawahi kuwashwa, kwa sababu pesa iliishia kwenye rangi.

Mama_Vitunguu_Karatu

Kaka, kuhusu kutu ya boneti na madigadi, mimi nimejaribu njia tatu. Msasa unachosha na unapunguza bati. Asidi ya betri inakula kutu halafu inaendelea kula chuma, na kesho yake kutu imerudi. Pia mvuke wake ni mbaya kwenye chumba kidogo.

Iliyonifaa ni ya umeme. Pipa la plastiki, maji, magadi ya kupikia kama vijiko vitano kwa ndoo. Chaja ya betri: waya hasi kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye nondo au bati chakavu lililotumbukizwa bila kugusana nacho. Asubuhi kutu imelainika, unafuta kwa brashi. Usitumie chumvi badala ya magadi, inatoa hewa ya klorini. Nondo isiwe chuma kisichoshika kutu, ile kromu yake ni sumu. Fungua mlango na usiwashe moto karibu, maana mapovu yale ni haidrojeni.

ViaziMviringo_Njombe

Wakuu, nimerudi na majibu.

Makambako nilienda. Bloku ilikuwa ya moto. Nikamwomba afungue sampu, akaniambia anayetaka kufungua anunue kwanza. Nikamshukuru nikaondoka.

Hedi ya kwangu nimefungua juzi. Babu, ni kama ulikuwepo: silinda ya kwanza na ya tatu zinang'aa, ya pili imejaa kutu ya rangi ya matofali, na ekzosi ilikuwa wazi kweli. Baada ya siku nane za mchanganyiko wako imezunguka. Niliita watoto waje waone.

Metali za konrodi zimeandikwa kumi, kwa hiyo krenki ilichongwa mara moja tu. Silivu moja tumeitoa, ukuta wa bloku ni msafi. Nafanya ovahol. Pampu imeshaondoka kwa basi kwenda Mbeya ndani ya ndoo.

Swali moja limebaki. Ili nifikie flaiwili na sili ya nyuma lazima nilitenganishe. Nina jeki mbili, winchi ya mnyororo ya kuazima, na kijana mmoja wa kunisaidia. Inatosha?

Fundi_Mbarali

Inatosha, ila winchi usiifunge kwenye kenchi za banda. Injini peke yake inazidi kilo 200, jenga magoli, yaani nguzo zenye boriti juu ya kuning'inizia, ya mbao nzito au chuma. Na kabla hujalegeza bolti hata moja, piga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na mkono unaoishikilia. Ekseli hiyo imeshikwa kwa pini moja katikati. Sehemu ya nyuma ikiachia, injini itapinduka upande mmoja kama mkokoteni, na aliyesimama hapo hataweza kuizuia. Funga breki, weka mawe kwenye tairi za nyuma, giaboksi ikalie stendi wala si jeki.

ViaziMviringo_Njombe

Nimeelewa. Kabari nimezichonga leo kwa mlingoti mkavu, nne, mbili za akiba. Magoli mchomeleaji analeta Ijumaa. Jumamosi asubuhi tunalitenganisha, nitaleta picha za sili ya nyuma ili Babu aniambie kama ni ya kamba.