Ukiacha ulinzi, mbwa wako amekupa nini?

Mwalimu wa Kiomboi

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za leo.

Nimepangiwa shule huku Iramba, mkoani Singida, naishi peke yangu kwenye nyumba ya walimu. Mbwa wa mwalimu mwenzangu amezaa, na mwenyewe amenitengea mtoto mmoja, jike, mweusi mwenye kifua cheupe. Nimeulizauliza watu na wote jibu lao ni moja: chukua, atakulinda. Sasa wezi si shida yangu. Huku usiku mlango mtu anaurudishia tu na kulala.

Mimi nimekulia Ilala, nyumba ya kupanga, mama hakutaka mbwa hata kupita karibu na ngazi. Kwa hiyo maisha ya kukaa na mbwa siyajui kabisa. Naomba mliokaa nao muda mrefu mniambie: ulinzi ukiuweka pembeni, kuna nini? Amekufundisha jambo gani, au anakufurahisha kwa lipi kila siku? Niambieni mliyoyaona kwa macho yenu.

---

Bibi Kibosho

Marahaba mwanangu, na hongera ya kazi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, tunaishi Kibosho, ukipandisha kutoka Moshi mjini. Mbwa wetu anaitwa Chui, wa kienyeji, ana michirizi mgongoni na ncha ya sikio moja ilikatika kwenye ugomvi wa ujanani. Alikuja nyumbani kwa kazi hiyohiyo uliyoambiwa, kulinda ng'ombe na kufukuza tumbili kwenye mahindi. Lakini umeuliza mengine, basi nitakueleza mzee wangu alipopata kiharusi.

Upande wa kushoto ulilegea wote, mkono kuliko mguu. Aliporuhusiwa kutoka hospitali nyumba ilijaa. Watu wetu unawajua, mgonjwa akirudi wanakuja na maziwa, na mkungu wa ndizi, na mtori kwenye chupa ya chai, wanakaa. Wanamtazama. Wanaongea kwa sauti ya chini. Wananiuliza mimi, "Amekula?", na mwenyewe yuko palepale anasikia. Huyu ni mtu ambaye kwenye vikao vya ukoo akisimama watu wananyamaza. Taratibu akaacha kutoka sebuleni, halafu akaacha na kuongea.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira mdogo wa kuminya kwa mkono wa kushoto, asubuhi na jioni. Kwa kazi yangu najua maana yake. Mkono uliopigwa na kiharusi usipotumika vidole hujikunja na kukakamaa, na ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo, mara nyingi, kila siku. Nilimweleza, nilimbembeleza, watoto walipiga simu kutoka Dar wakambembeleza. Mpira ukaishia uvunguni mwa kochi.

Chui yeye hakuwa na habari ya kiharusi. Kwake mzee alikuwa yuleyule anayekaa kila jioni kwenye gogo nyuma ya jiko na kumpa ugali. Akawa anakuja saa yake ileile, anasimama mlangoni mwa sebule (ndani haruhusiwi, na anajua mpaka uko wapi), anadai kwa ile sauti ya puani, mkia unagonga fremu ya mlango. Wageni wakimfukuza anazungukia nyuma, anarudi. Jioni moja mzee akasema, nipeni huo ugali wake. Akatoka mwenyewe na fimbo, mguu unaburuta, mpaka kwenye gogo. Fimbo hakutaka kuiachia, na ilikuwa mkono wa kulia. Ugali akaumega kwa kushoto.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani jikoni, niliona yote. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinatafutana. Tonge linadondoka kwenye sufuria, analitafuta tena. Chui kwa kawaida hupokea chakula kwa pupa, ukizubaa anakuachia mate mpaka kwenye kiwiko. Siku ile alikaa chini kwa makalio, akasogeza pua karibu na vile vidole, akatulia. Tonge lilipokaa mkononi akalichukua kwa meno ya mbele, polepole, akameza, akarudisha pua palepale. Mzee akamega jingine. Sufuria ambalo Chui hulimaliza kabla hujakaa vizuri, siku ile giza liliwakuta bado wako nalo.

Kuanzia hapo ukawa ndio utaratibu wao. Habari za mpira niliziacha. Nilichofanya ni kusonga ugali wa Chui mgumu zaidi na kuupoza kabisa, ili kumega kutake nguvu kidogo. Mtaalamu alipokuja kupima mshiko wa mkono akaniuliza mzee anafanya mazoezi gani, nikampeleka nyuma ya jiko akajionee. Akasema endeleeni hivyohivyo, na mkiona umekuwa rahisi mpeni na mahindi ya kupukuchua.

Kutembea nako kulikuja kwa njia hiyo. Kuna kijia kinashuka katikati ya migomba mpaka kwenye mfereji. Chui anatangulia, akifika kwenye kona anageuka, anasubiri, wakikaribiana anaendelea. Mimi ningemsubiri mzee namna ile angekasirika.

Nimekaa wodini miaka mingi na jambo hili sikulikuta huko: mgonjwa anahitaji awepo anayemtegemea. Sisi sote tulikuwa tunampa, tunampa, tunampa. Chui peke yake ndiye aliyekuja kuomba. Tangu hapo nikienda kumwangalia mgonjwa napeleka na shida yangu ndogo. Namuuliza mzee wa watu, huyu ndama wangu hali vizuri, wewe ungefanyaje? Nawaona wanavyojiinua kwenye mto kunijibu.

Furaha za kila siku ni nyingi, nitakupa moja. Jioni namtoa Chui kupe. Wanapenda ndani ya sikio, kwenye mkunjo, na katikati ya vidole vya miguu. Yeye analaza kichwa pajani, ananipa mguu mmoja, nikimaliza anaubadilisha mwenyewe bila kuambiwa. Kupe wanaingia kwenye kikopo cha mafuta ya taa. Kwa muda wote ule simu iko ndani, redio imezimwa, na sina ninachokidai kwa mtu yeyote.

Mchukue huyo mweusi. Ila mwambie mwenzako amwache anyonye, asimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8.

---

Mkulima wa Muheza

Assalaam alaykum. Bibi, mpe mzee salamu zetu, Mwenyezi Mungu amzidishie nguvu.

Mwalimu, ulivyosema umekulia Ilala na mama hataki mbwa, nahisi kuna suala la dini, nami nimelipitia hilo. Mimi ni Mwislamu na nina mbwa shambani. Kumfuga kwa ajili ya kulinda mazao, mifugo au kuwinda kumeruhusiwa. Suratul Maida aya ya 4 inazungumzia wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Suratul Kahf, amenyoosha miguu yake ya mbele pale kwenye kizingiti. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunashika utaratibu wa twahara: chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nguo ya swala inakaa mbali naye. Mimi nina kanzu yangu nyumbani na nguo za shamba ziko kwenye kibanda. Hajawahi kunikosesha swala. Na sote tumefundishwa madrasa habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akampa mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mwambie mama hayo kwa upole.

Alichonifundisha wangu, Bobi, ni kusikiliza. Nina michungwa na mihogo, na usiku nalala kibandani. Mwanzoni kubweka kwote kwangu kulikuwa kumoja, nashika panga natoka mbio. Sasa najua. Akibweka huku sauti inahama, hao ni ngedere, anakimbizana nao. Wakija nguruwe pori, anawangurumia kwanza, kwa chini, kabla ya kufungua mdomo. Mtu mgeni anabwekewa mfululizo, kwa uzito, mbwa amesimama mahali pamoja. Nyoka ni tofauti kabisa: sauti nyembamba ya mkatomkato, na anarukaruka kurudi nyuma. Hiyo nikiisikia sitoki bila tochi na viatu virefu.

Nikiwa nyumbani Muheza mjini nimejikuta nafanya vilevile kwa wanangu. Kulia kwa njaa, kulia kwa kuonewa na kulia kwa homa havifanani, na zamani nilikuwa namwachia mama yao ajue.

---

Jirani wa Umoja

Niko Nairobi. Nitasema jambo tofauti kidogo, msinichukie.

Kama ungekuwa huku kwetu, chumba kimoja ghorofa ya tatu, unatoka alfajiri na kurudi usiku, ningekwambia usichukue. Nimeona mbwa akifungiwa kwenye roshani siku nzima, analia hadi majirani wanaita mwenye ploti. Na mbwa wa kufungwa mnyororo asubuhi hadi jioni hafundishi mtu chochote, anateseka tu, halafu watu wanasema ni mkali.

Mimi wangu ni wa ploti, hana mwenyewe. Nafanya kazi za usiku. Nikishuka matatu asubuhi watu wote wanakimbia kwenda, mimi pekee narudi, na huwa ni saa ya upweke sana. Yeye ananijia mpaka kwenye kibanda cha mama wa chai, tunagawana mandazi. Ni kupitia kwake nimejua majina ya watu wa ploti nzima, kwa sababu kila mtu humwita mbwa huyo kwa jina alilompa yeye mwenyewe, na kila mtu husimama kumsalimia. Kabla yake nilikuwa nawapita kwenye ngazi.

Lakini wewe mwalimu una uwanja, unarudi nyumbani mchana. Hali yako ni nzuri.

---

Mwalimu wa Kiomboi

Asanteni sana wote. Bibi, hiyo ya kupeleka shida ndogo kwa mgonjwa nimeisoma mara mbili, baba yangu mkubwa amelala na nilikuwa sijui niende kumwambia nini. Nitamuuliza habari za kilimo cha alizeti, ndiyo kazi yake.

Mkulima wa Muheza, umegusa penyewe. Nitampigia mama.

Nimeamua kumchukua. Sasa naombeni ya vitendo: anakula nini kwa mshahara wa mwalimu anayeanza, chanjo zikoje, na likizo nikienda Dar nifanyeje?

---

Bibi Kibosho

Vizuri mwanangu.

Chakula: ugali wa dona na dagaa, supu ya utumbo au mifupa siku ukipata. Akiwa mdogo mgawie mara tatu au nne kwa siku, akikua mara mbili inatosha. Maji safi yasikosekane, huko kwenu jua ni kali. Usimpe vitunguu, usimpe chokoleti, na mifupa ya kuku iliyopikwa itupe mbali, inapasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo.

Chanjo hapa naomba unisikilize vizuri, maana nimewauguza waliokosa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu, hapana dawa ya kumrudisha. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu na irudiwe kila mwaka, tunza cheti. Ofisi ya mifugo ya wilaya wanajua. Sehemu nyingi kunakuwa na kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mapema zaidi, akiwa na wiki 6 hadi 8, muulize daktari wa mifugo chanjo ya ule ugonjwa wa kuharisha damu, unamaliza watoto wa mbwa haraka sana, na dawa ya minyoo.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo hili wafundishe na wanafunzi wako: mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ndipo akimbizwe hospitali kwa chanjo. Asipakwe majivu wala mafuta ya gari. Na asisubiri kuona mbwa atafanya nini. Miongoni mwa wanaong'atwa watoto ni wengi, nao hunyamaza wakiogopa kuchapwa, kwa hiyo waambie darasani kwamba atakayesema hatachapwa.

Likizo, tafuta jirani mwenye mtoto mkubwa kidogo anayependa wanyama. Anza kumzoesha mapema, awe anampa chakula siku moja moja wewe ukiwepo, ili mbwa amjue na yeye ajue kipimo. Mwachie unga na dagaa wa kutosha, na hela kidogo ya mkononi kwa ajili yake. Ukirudi mletee daftari na kalamu.

Jina umeshampa?