Wikendi mtoni kutoka Lubumbashi: Kasenga au Bukama?

Mtu wa Kampemba
Bandugu, tuko wanne, gari moja ya 4x4. Tunatoka Ijumaa mchana, Jumatatu asubuhi kila mtu kazini. Tunataka mji mdogo wa mtoni wenye historia. Kasenga, kwenye mto Luapula mpakani na Zambia, ama Bukama, kwenye mto Lualaba?

Mekano Katuba
Kasenga, bila kufikiri mara mbili. Ni kilomita 200 na zaidi kidogo: shika barabara ya Pweto mpaka Kasomeno, pale kata kulia. Mafuta hesabu lita 70 kwenda na kurudi, pamoja na bido la lita 20 la akiba. Kwenye vumbi lenye mawimbi, shusha upepo wa mipira kutoka bar 2.4 mpaka 1.9, la sivyo boliti za amotisa (shokomzoba) zinalegea. Lakini ukishashusha, usikimbize: mpira laini ukipiga jiwe kwa mwendo mkali unapasuka ubavuni. Pampu ya kujazia isikosekane. Na mtoke saa sita, si saa tisa. Giza likiwakuta njiani, malori yasiyo na taa ndiyo hatari.

Lualaba
Mekano anaona barabara tu! Kwa historia Bukama iko mbele. Reli kutoka Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) ilifika pale 1918, na abiria na mizigo wakashuka kwenye treni kupanda meli: mto Lualaba unapitika kutoka Bukama mpaka Kongolo, karibu kilomita 640. Reli ilipovuka mto na kusonga hadi Ilebo mwaka 1928, kazi nyingi ya bandari ikapungua. Ndiyo sababu mji ulibaki mdogo.

Mekano Katuba
Sikatai. Lakini ukishaacha lami ya Likasi–Kolwezi, siku inaishia barabarani. Bukama ingojee wikendi ndefu, 30 Juni, sikukuu ya uhuru, ikiangukia Ijumaa ama Jumatatu. Hata makaburi ya kale ya Sanga, yale yenye misalaba midogo ya shaba, hayako Bukama. Yako chini zaidi, ziwa Kisale.

Mama wa Soko Kenya
Kasenga nayo ina historia, baba. Wafanyabiashara Wagiriki walikusanya samaki pale, malori yakapeleka kulisha wafanyakazi wa migodi. Samaki mpumbu ndiye aliyelipa gharama: alivuliwa akipanda mto kutaga mvua zikianza, mwisho akaadimika.

Mukienda, fikeni ufukweni mapema, mitumbwi ikirudi. Fungua shavu la samaki: liwe jekundu, lisinate. Jicho likizama, acha. Wa kubeba mpasueni, toeni matumbo palepale, barafu chini na juu, na tundu la kutoa maji kwenye sanduku. Samaki akilala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka analainika. Mkavu msimfunge kwenye plastiki, anaota ukungu. Mkeka ama gunia.
Toka 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari Zambia inafunga uvuvi, kwa hiyo msifuate samaki miezi hiyo. Mei na Juni ni bora: mvua zimekwisha, mto bado umejaa. Usiku kuna baridi.

Mtu wa Kampemba
Basi Kasenga. Kuoga mtoni inawezekana?

Mama wa Soko Kenya
Hapana. Mamba wapo, na kwenye matete maji yaliyotulia yana kichocho. Chandarua mubebe chenu.

Lualaba
Kila mtu na kadi yake ya mpiga kura, ng'ambo ni Zambia. Mvuvi akisema "twende kule mara moja", kataeni: bila paspoti na muhuri wa DGM (idara ya uhamiaji), mkikamatwa upande wowote wikendi imekwisha. Na askari msiwapige picha.

Mekano Katuba
Filta ya hewa piga upepo kabla ya kurudi. Hiyo wengi wanasahau.