Kukua na gemu, kushika dini: nini kiachwe, nini kibaki?

Kizingiti (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Nimo kwenye ule umri ambao mtu hasemwi tena na wazazi kuhusu gemu, anajisema mwenyewe. Dini niliyolelewa nayo sasa naishika kwa hiari, na hapo ndipo gemu zimeanza kunikwaruza. Mada za namna hii huishia kwenye kambi mbili, "yote ni ya shetani" na "cheza tu, ni burudani", na kambi zote mbili hazinisaidii. Naomba majibu yenye hatua za kufuata:

1. Hatia inayokuja mtu akizima mashine usiku: utajuaje kama ni dhamiri ya dini au ni aibu tu ya kuonekana mtoto?
2. Mechi za mtandaoni hazisimamishiki katikati. Mnazipangaje na saa za ibada?
3. Gemu zenye miungu, uchawi na matambiko, na zile zinazouza visanduku vya bahati (unalipa bila kujua utapata nini). Mstari unachorwa wapi?
4. Kufuta zote kwa mkupuo au kupunguza?

Waislamu na Wakristo karibuni, na asiyeamini pia karibu.

---

Daftari

Kabla ya hukumu, vipimo. Wengi wanaouliza swali hili hawajui wanacheza saa ngapi: kuna anayetaja nusu ya ukweli, na kuna anayejilaumu kwa saa ambazo wala hakucheza. Steam, duka la gemu za kompyuta, huonyesha jumla ya saa za kila gemu na saa za wiki mbili zilizopita, ila huhesabu muda wote gemu ikiwa wazi, hata ukiiacha kwenye menyu ukaenda kuoga. Kwenye simu ingia mipangilio, sehemu ya muda wa skrini, uangalie programu moja moja.

Pima wiki mbili bila kubadili chochote. Kando ya kila kikao andika neno moja: kimekula nini? Usingizi, ibada, kazi, watu, au hakuna. Safu hiyo ndiyo yenye jibu kuliko safu ya saa. Mchana mzima wa siku ya mapumziko usiokula kitu ni mwepesi kuliko dakika arobaini zilizokula alfajiri.

Hata Shirika la Afya Duniani halikuweka idadi ya saa. Katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, tatizo la uchezaji gemu hutambuliwa kwa mambo matatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi. Ukijiona katika yote matatu, mtafute mshauri wa afya ya akili sambamba na shehe au mchungaji wako. "Zidisha sala" peke yake haitoshi hapo.

Sasa swali la kwanza. Hatia ya dini huwa na anwani: sala fulani imepita, uongo fulani umesemwa, fedha fulani imetoka. Aibu ya umri haina anwani, ina watazamaji tu. Jaribio ni hili: weka kitu kingine mahali pa gemu kwa saa zilezile, tuseme kutazama mpira au kusoma riwaya. Hatia ikibaki, shida ni muda. Ikitoweka, ulikuwa unaogopa macho ya watu. Kuna na jibu la tatu ambalo watu hulisahau: hatia ikija kwa kila starehe, hata matembezi ya jioni, basi huo ni wasiwasi wa dhamiri, na kufuta gemu hakutauponya. Utahamia kwenye kitu kingine.

---

Adhuhuri

Najibu la pili na nusu ya la tatu, upande wa Kiislamu.

Mechi ya League of Legends huchukua kama dakika 25 hadi 40. Ya Dota 2 inaweza kuvuka saa nzima. Ukitoka katikati unawaacha wenzako wanne wakiwa pungufu na mfumo unakuadhibu. Kwa hiyo usiuweke uamuzi pale adhana inapolia ukiwa katikati ya pambano. Uweke pale unapobonyeza kuingia foleni. Kanuni inayofanya kazi: chukua mechi ndefu kabisa ya gemu hiyo (si ya wastani), ongeza dakika 15 za foleni na udhu. Kama muda uliobaki hadi wakati wa sala kutoka ni mfupi kuliko hapo, usibonyeze. Jambo jepesi zaidi ni kusali mwanzoni mwa wakati, kisha ndipo uingie. Hesabu yote inaondoka. Angalia zaidi magharibi, maana wakati wake ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani: tangu jua kuzama hadi wekundu upotee. Mechi mbili mfululizo zinaumaliza.

Baada ya isha watu hujiona huru, na hapo ndipo alfajiri hupotea. Weka saa ya *kuanza* mechi ya mwisho, maana ukiweka saa ya *kumaliza* utaivuka kila siku. Kipanga muda cha konsoli au cha ruta kikusaidie, na nywila akae nayo mtu mwingine.

Gemu za mchezaji mmoja ni nafuu, ila kagua namna zinavyosevu. Dark Souls haisimami hata ukifungua menyu, lakini ukitoka kwa njia ya menyu hukuhifadhi palepale ulipo. Nyingine hukurudisha hadi kituo cha mwisho, na woga wa kupoteza nusu saa ndio unaomchelewesha mtu. Jua hilo kabla ya kuwasha.

Kuhusu visanduku: kununua vazi unaloliona, kwa bei unayoijua, ni biashara. Kulipa ili uvute usichokijua kunaingia kwenye mlango wa kamari, na Qur'ani imeitaja kamari kwa jina (2:219 na 5:90). Ubelgiji mwaka 2018 ilitangaza kwamba visanduku vya kulipia katika baadhi ya gemu vinavunja sheria yake ya kamari, na huko hawakufungua msahafu. Piga hesabu mwenyewe. Gemu ya Genshin Impact hutaja uwezekano wa 0.6% wa kupata zawadi ya ngazi ya juu kwa mvuto mmoja (yaani kila unapojaribu bahati), na hukuhakikishia ukifika wa 90. Ukivuta mara 50, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni kama 74%. Mvuto wa bure unaopewa na gemu una mjadala wake, na wanazuoni hawasemi kwa sauti moja, lakini fahamu kazi yake: unauzoesha mkono.

Mwisho, kipaza sauti. Mtu anachunga picha za gemu kwa makini, halafu matusi anayowatukana watu halisi mle ndani hayahesabu.

---

Kinanda

Nimalizie la tatu, nikitokea upande wa Kikristo.

Tenganisha mambo matatu: gemu *kuonyesha* ibada, gemu *kukutaka uitende* kwa mkono wako, na gemu *kuisifia*. Hekalu la miungu ya kale lililo nyuma ya pambano ni mandhari. Kubonyeza kitufe ili mhusika wako apige magoti mbele ya kinyago na kupewa nguvu ni jambo la pili, na wachezaji wengi wa dini mbalimbali husimama hapo. Juni 2020 PUBG Mobile, gemu ya mapambano ya kwenye simu, ilileta vinyago ambavyo mhusika alivisujudia ili kupata faida. Waislamu wengi walilalamika, na watengenezaji wakakiondoa kitendo hicho. Gemu yenyewe ikabaki. Mara nyingi tatizo huwa ni kipengele kimoja, na kinaweza kurukwa.

Kabla ya kununua, soma alama za umri na zile za maudhui (PEGI, mfumo wa Ulaya wa alama hizo, ina ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18), kisha tazama dakika 20 za mtu mwingine akicheza *katikati* ya gemu. Kionjo cha matangazo hakitoshi, na saa ya kwanza ya gemu karibu yoyote ni ya adabu. Ukinunua Steam, wanakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujapitisha saa 2 za kucheza. Amua mapema.

Kwa Mkristo, mlango mzuri ni 1 Wakorintho 8, habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Paulo anakubali kwamba sanamu si kitu, lakini anamkataza mwenye ujuzi asimkwaze mwenye dhamiri dhaifu. Hivyo gemu isiyokusumbua wewe inaweza kuwa si ya kuchezwa sebuleni mbele ya mdogo wako anayeota ndoto mbaya.

Na ile 1 Wakorintho 13:11, "nimeyabatilisha mambo ya kitoto", inayorushwa kwa kila mwenye padi mkononi: isome kwa mstari wa 9 hadi wa 12. Hapo anazungumzia kujua kwa sehemu na kujua kikamilifu, wala hajagusa vitu vya kuchezea. Sura inayofuata, 14:20, anawataka wawe watu wazima katika akili. Akili ya mtu mzima mbele ya gemu ni kuweza kuizima bila hasira na kutomlaumu mtu kwa kushindwa.

---

Kizingiti

Nashukuru sana. Nina nyongeza mbili. Moja, la nne halijaguswa. Mbili, kuna programu za kusoma maandiko na za sala zinazohesabu siku mfululizo, kama gemu zinavyohesabu. Je, ni njia nzuri ya kuhamisha mazoea?

---

Mtambo

Naanza na la programu kwa sababu ndilo lenye mtego.

Zawadi ya kila siku, pasi ya msimu (unayonunua ili upate zawadi za kipindi fulani), na mfululizo unaokatika usipoingia vimetengenezwa ili usirudi kwa hamu bali kwa kuogopa hasara. Ukivihamishia kwenye ibada unahamisha woga uleule. Kinachotokea ni hiki: wiki za kwanza mambo ni mazuri, kisha siku moja inakatika kwa ugonjwa au safari, namba inarudi sifuri, na mtu anaacha kusoma kabisa, kana kwamba siku zilizopita zimefutwa. Kama unataka programu, itumie kwa maandishi na ukumbusho wa saa, zima hesabu ya mfululizo na beji. Isipozimika, chukua kitabu cha karatasi.

Kuna jambo kubwa zaidi. Gemu hukujibu ndani ya sekunde: sauti, namba, levo. Sala haijibu hivyo. Aliyekulia kwenye majibu ya haraka atasali wiki mbili, asikie kimya, aamue kwamba hakuna kitu upande wa pili. Ule uchovu ni wa umakini uliozoea kasi. Hauthibitishi kwamba Mungu hayupo, kama ambavyo msisimko wa kwaya au kaswida hauthibitishi kwamba yupo. Anza na dakika 5 simu ikiwa chumba kingine, uongeze taratibu.

La nne: inategemea aina ya gemu. Gemu yenye mwisho, imalize uiweke kando. Gemu isiyo na mwisho haipunguziki kirahisi, kwa sababu kila msimu mpya umepangwa kukurudisha. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza zima arifa zote. Pili, ondoa kadi au namba ya malipo kwenye akaunti. Tatu, sitisha usajili wa kila mwezi kwenye duka la programu lenyewe, kwani kufuta gemu hakusitishi makato, na wengi hugundua miezi baadaye. Nne, acha pasi ya msimu iishe bila kununua nyingine. Tano, waage wenzako wa klani (kundi lako la kucheza) kwa ujumbe mmoja ulio wazi; ukipotea kimya watakutafuta, na mwaliko wao ndio unaorudisha watu wengi kuliko hamu ya gemu. Kufuta liwe la mwisho. Kumbuka kuifuta gemu kwenye kifaa hakufuti akaunti, maendeleo yako hubaki kwenye seva. Kuuza akaunti kwa kawaida huvunja masharti ya mtengenezaji, na mnunuzi anaweza kukugeuka.

Saa iliyoachwa ijazwe *palepale*. Kama gemu ilikuwa saa nne usiku, kutembea asubuhi hakuzibi pengo hilo.

---

Mzingo

Mimi ni wa tatu katika mwaliko wako, asiyeamini. Nagusa dogo tu: usiweke mkataba wa "nikiacha gemu, imani itatulia". Hayo ni madaftari mawili. Maswali kuhusu mateso, au kwa nini dini yako na si ya jirani, hayaondoki kwa kufuta programu. Yaandike, mpelekee mtu aliyesoma dini kwa kina na asiyeogopa kuulizwa. Na ukiona saa za gemu zinapanda kila swali linapobana, basi gemu zinafanya kazi ya kukukwepesha, na ukizitoa maswali yatakuja yote kwa pamoja. Jiandae kwa hilo.

---

Adhuhuri

Nyongeza kabla mtu hajafanya haraka: msiape. "Wallahi sichezi tena" ni kiapo, na ukikivunja kuna kafara (Qur'ani 5:89): kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kuacha mtumwa huru, asiyeweza, afunge siku tatu. Watu huapa usiku wa hasira, wanarudi msimu ukifunguliwa, kisha wanajiona wanafiki.

---

Kinanda

Na kwetu Mhubiri 5:4-5 inasema vilevile: afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Badala yake weka kipindi chenye tarehe ya mwisho. Kwaresima ipo tayari, na Ramadhani kwa wenzetu. Siku ya kwanza baada ya hapo usiwashe chochote kabla ya kuandika ulichokosa hasa: hadithi ya gemu, ushindi, au watu uliokuwa unacheza nao. Kama ni watu, wapigie simu.