Nyumba ya Italia haina cheti cha kukalika, ninunue au niache?

Kibarua_Brescia: Wakuu salaam. Nipo Italia kaskazini karibu na Brescia, nafanya kazi kiwandani. Nimepata kanyumba kazuri bei poa, euro 38,000, mjini kabisa, stesheni unaenda kwa mguu. Shida moja tu, muuzaji hana ajibilita, kile cheti cha kuthibitisha nyumba inafaa kuishi watu, na wakala anasema nisiogope nyumba nyingi za zamani hazina. Ni kweli naweza kununua bila hicho cheti? Majibu ya haraka tafadhali, matusi sitaki.

Ngoja_Wajuzi: Nimekaa mbele kabisa, wajuzi waje.

Mama Zaituni: Mwanangu hiyo ni milioni mia na ushee, ungejenga Kibaha na fremu za duka juu. Shemeji yangu alinunua ghorofa huko huko ughaibuni, kila mwezi anachangia hela ya lifti na yeye anakaa chini.

Fundi_Ramani: Wakala hajadanganya ila hajamaliza. Mauzo kwa notaio, yule ofisa wa kupitisha hati, yanapita hata bila ajibilita, yanayobatilisha ni mengine, kama hati kutotaja kibali cha ujenzi, au kukosa tamko kwamba ramani ya katasto, daftari la serikali la majengo, inalingana na nyumba yenyewe. Jengo lililoanza kabla ya tarehe 1 Septemba 1967 muuzaji anatoa tamko tu. Na tangu mwisho wa 2016 komune, yaani halmashauri ya mji, haitoi tena cheti, jeometra (mtaalamu wa vipimo na ramani) au mhandisi ndiye anapeleka tamko lake huko na dhamana anabeba yeye. Sasa haina kwa sababu hakuna aliyehangaika nacho, au haiwezi kukipata kabisa? La kwanza linatibika. Katasto imeandikwa kundi gani?

Kibarua_Brescia: Asante mkuu. Nyumba nzuri sana, jiko jipya, bafu lina vigae mpaka juu. Muuzaji mwenyewe kaishi humo miaka na miaka.

Fundi_Ramani: Sijauliza vigae. Kundi gani?

Kibarua_Brescia: C/2. Ila wakala anasema inabadilishwa baadaye.

Fundi_Ramani: C/2 ni stoo mkuu. Umeuziwa dari la kuwekea masanduku likatiwa jiko. Toka sakafuni mpaka juu mita ngapi?

Kibarua_Brescia: Katikati nasimama vizuri, pembeni nainama kidogo. Mimi sio mrefu.

Twiga_Mpole: 😂😂 kaka ukioa tafuta mfupi mwenzio

Kibarua_Brescia: Nishaoa, na nina watoto wawili Tanga. Si ndio hao nataka kuwaleta, lazima uonyeshe una pa kukaa, na wenye nyumba huku wakisikia lafudhi tu wanakwambia imeshapangishwa. Bora yangu mwenyewe. Na kapara, ile arubuni, nishatoa, euro 5,000, sasa mnataka nifanyeje?

Fundi_Ramani: Hapo ndipo ulitakiwa kuanzia. Kuleta familia hawakuulizi umiliki, mkataba wa kupanga unatosha. Wanachotaka ni karatasi ya komune kwamba makazi yanatosha watu kadhaa, na stoo haipewi. Vipimo vya nyumba ya kuishi ni vya amri ya Julai 1975, vyumba kimo mita 2.70, korido na bafu 2.40, dirisha angalau moja ya nane ya sakafu, chumba cha wawili mita za mraba 14. Mwaka 2024 walilegeza, jeometra anaweza kusaini hata kwa kimo cha 2.40 kwa masharti, ila wewe unainama. Dari kugeuzwa makazi inawezekana kwa sheria za mkoa, lakini huo ni mradi na hela nyingine. Kapara sasa: uliposaini paliandikwa nini? Kama uliahidiwa nyumba ya kuishi, mwanasheria anaweza kukudaia mara mbili. Kama umekubali kwamba unajua haina cheti na unaichukua ilivyo, umejifunga.

Kibarua_Brescia: Kuna mstari kama huo. Lakini jamani bei ile siipati tena, na mtaa wenyewe umetulia.

Mpelelezi: Subirini kwanza. Huyu mwezi wa tatu alikuwa Muscat anaendesha lori, uzi wake upo, leo yuko kiwandani Brescia. Hii chai, tena ya maziwa. Weka picha ya hiyo karatasi, majina ufunike.

Kibarua_Brescia: Ule nilikuwa namuulizia kaka yangu. Kwani kila kitu lazima niseme?

Twiga_Mpole: Mimi nilishajua kwenye vigae.

Fundi_Ramani: Chai au sio chai, kuna mwingine atasoma. Notaio lini?

Kibarua_Brescia: Alhamisi saa nne. Wakala kasema nisisumbuke kuleta jeometra, anaye wake.

Mama Zaituni: Hayo malori ya Muscat wanalipaje? Nina kijana hapa ana leseni, amekaa tu.