Safari ya siku tano hadi Copper Harbor kwa pikipiki za theluji: tustroki 600 ama fostroki 900?

Nyahururu_hadi_Duluth

Wakuu habari za baridi. Mimi ni Mkenya niko Duluth, Minnesota, mwaka wa saba sasa, na tangu jamaa wa kazini anipeleke North Shore State Trail sijatulia tena, hiyo njia ni maili 146 kutoka hapa Duluth hadi Grand Marais na nimeimaliza mara mbili kwa vipande vipande. Siku hizi ndio nangoja Desemba badala ya kuiogopa.

Sasa tumepanga mimi na marafiki wawili, Februari, siku tano. Tunabeba mashine kwa trela hadi Ironwood, Michigan, gari tunaiacha hapo, halafu tunapanda mpaka Copper Harbor kule ncha kabisa ya rasi ya Keweenaw na kurudi, tunalala moteli, mizigo yote inakaa kwa mashine. Hatujawahi fanya ya siku nyingi hivyo, zetu zote zimekuwa za kutoka asubuhi na kulala nyumbani.

Mashine yangu ni ya 2005, ya kabureta, cheni yake (ule mkanda mpana unaozunguka chini na kuisukuma) urefu wake inchi 121, na kusema ukweli inakunywa mafuta. Nataka kuibadilisha kabla ya safari. Nimepata mbili za mkono wa pili zenye bei inakaribiana: Ski-Doo Renegade 600R E-TEC, hiyo ni tustroki (injini ya mipigo miwili), na Ski-Doo Grand Touring 900 ACE, hiyo ni fostroki (ya mipigo minne), namba ni ukubwa wa injini kwa cc, zote cheni inchi 137. Mwenzangu mmoja naye anasisitiza nichukue Polaris Indy XC 850 eti safari ndefu inataka nguvu. Mimi ni kilo 95, mgongo si mzuri sana, na siendeshi kwa fujo. Mngekuwa mimi mngechukua gani? Na kwa siku mtu apange maili ngapi bila kujiumiza?

MtuWaTukuyu

Mkuu karibu sana. Mi nipo Marquette, Michigan hukohuko, huko Copper Harbor naenda kila msimu kwa hiyo hapo umegusa penyewe. Mashine ntarudi nayo, kwanza tuongee wese maana ndio litakaloamua safari yenu kuliko injini yoyote ile.

Msipange kwa tenki lako, pangeni kwa tenki la yule mwenye mashine inayokula kuliko wote. Nimejifunza kwa maumivu. Tulikuwa watano tunapita Bill Nicholls Trail, ile njia ya reli ya zamani inayokuja mpaka upande wa Houghton, mmoja wetu ana 800 ya kizamani na siku hiyo theluji ilikuwa laini imejaa njiani, mashine inavuta kama inalima, akaishiwa kabla hatujafika yale madaraja marefu ya mto Firesteel. Hamna nyumba, simu haishiki, theluji ukishuka njiani inafika pajani. Nikatoa mpira wa kunyonyea, nikavua glavu ili nishike vizuri mdomo wa tenki, petroli ikanimwagikia vidoleni. Sikuwa najua kwamba kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri petroli haigandi, inabaki maji na ina baridi ileile ya hewa, ikigusa ngozi inanyonya joto papo hapo. Ncha za vidole viwili ziligeuka nyeupe kama nta, nikaziweka kwapani robo saa nzima huku wenzangu wakimalizia kazi, na mpaka leo baridi ikianza tu hivyo vidole vinaniambia. Kwa hiyo nunua glavu za mpira zile za mafuta, weka kwenye begi, na kila mkikuta sheli jazeni hata kama mna nusu tenki.

Hesabu yangu ni hii: tustroki ya kisasa ya 600 ukienda kistaarabu utapata maili 15 kwa galoni, zaidi kidogo njia ikiwa ngumu na safi, pungufu theluji ikiwa laini. Renegade hiyo tenki lake ni galoni 9 na nusu hivi. Kwenye makaratasi una maili 140, mi kichwani naandika 100 na zilizobaki ni za dharura. Hiyo ya kwako ya kabureta usiende nayo.

Maili kwa siku, 100 mpaka 120 inatosha, msijidanganye na wanaosema wanapiga 250, hao wanaanza alfajiri na hawaoni kitu. Kwa barabara Ironwood mpaka Houghton ni kama maili 110 na Houghton mpaka Copper Harbor karibu 50, ila njia za theluji zinazunguka kwa hiyo ongezeni. Ningekuwa mimi siku ya kwanza nalala Twin Lakes, siku ya pili nalala Calumet, siku ya tatu naacha mizigo yote moteli Calumet nakwenda Copper Harbor na kurudi nikiwa mwepesi. Hiyo siku mtafurahi mno, barabara ya Brockway Mountain msimu wa baridi haisafishwi, ni ya pikipiki za theluji, mnapanda mpaka juu mnaliona ziwa Superior lote limelala chini yenu. Ila jazeni Calumet kabla ya kwenda, msitegemee kujaza mbele.

Na pale Houghton mnavuka daraja la kunyanyuka kwenda Hancock, wakati wa baridi wanalishusha hivi kwamba magari yanapita juu na pikipiki za theluji zinapita sakafu ya chini. Punguzeni mwendo, ni chuma na lami, vyuma vya chini ya ski, zile za mbele za kuteleza, vinalia na usukani haukusikilizi.

DadaFostroki

Kaka Nyahururu, mimi na mume wangu tunaendesha Grand Touring 900 ACE, tunapanda wawili kwenye mashine moja, msimu wa nne huu, kwa hiyo nasema kwa ninachokijua. Kwa mtu wa kilo 95 mwenye mgongo na asiyependa fujo, chukua hiyo.

Kwanza mafuta. Yetu tukiwa wawili na mabegi inatupa zaidi ya maili 20 kwa galoni siku nzuri. Wenzetu wa tustroki wanasimama kujaza sisi tunasimama kunywa chai. Pili hubebi oili, tustroki inakula oili safari nzima na lazima uwe na chupa ya akiba, na oili yenyewe kwenye sheli za vijijini si rahisi. Tatu kelele. Mtu hawezi kuelewa hii mpaka akae saa sita kwenye kiti, ukishuka kwenye fostroki kichwa hakivumi na nguo hazinuki moshi.

Ubaya wake nao nauandika. Ni nzito mbele. Ukizama kwenye theluji laini nje ya njia hamuitoi watu wawili bila jasho, na jasho kwenye baridi ni hatari, likipoa ndo unaanza kutetemeka. Halafu fostroki hiyo haina kamba ya kuvuta, betri ikifa asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri umekwama, kwa hiyo betri mpya kabla ya safari wala usibishane na mtu. Na nguvu zake ni farasi 95 tu, 600R ina 125. Kwenye njia hutaona tofauti, utaiona mkivuka uwanja wazi na rafiki yako anapotea mbele.

Kuhusu kuvaa, ndani kabisa usivae pamba, inashika maji haikauki. Vaa sufu au ile nailoni ya michezo. Kioo cha helmeti nunua kile cha kupasha moto kwa umeme, ni pesa ila siku theluji inaanguka na pumzi inaganda kwenye kioo unaendesha kipofu kwenye njia yenye watu wanaokuja mbele yako. Mimi niliwahi kuingia kona nikiwa sioni, nikaona taa tu ya mwenzangu anayekuja, nilikwenda kulia kwenye miti na Mungu alinisaidia. Wiki hiyohiyo nikanunua.

Masisi_Sherbrooke

Jambo bandugu. Mie ni Mkongomani wa Masisi, niko Sherbrooke, Québec, hapa karibu na Valcourt kwenye Ski-Doo ilizaliwa. Nilienda kwenye ile nyumba ya kumbukumbu ya Joseph-Armand Bombardier na kuna kitu ilinigusa sana. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo alikufa juu theluji ilikuwa imefunga barabara, hawakuweza kumufikisha hospitali. Huyo mutu akaendelea kutafuta namna ya kutembeza gari juu ya theluji mpaka akapata, na Ski-Doo yenyewe ikatoka 1959. Mie natoka kwenye mama anabebwa kwa kipoyi mpaka kwenye muganga juu barabara hakuna, nilisimama pale muda mrefu.

Sasa kwa swali yako. Dada anasema kweli juu ya fostroki, lakini mie niko na 600R na siibadilishe. Njia za Québec ni zaidi ya kilomita 33,000, nimefanya tour ya Gaspésie siku sita, na jambo lenye linachosha mwili si kelele, ni matuta. Asubuhi tingatinga la kusawazisha njia limepita usiku, njia ni kama meza. Saa nane mchana watu mia wamepita, ni matuta tu matuta. Hapo mashine nyepesi mbele inakusaidia, unasimama kwenye miguu unaiacha iruke chini yako. Cheni ya inchi 137 inafunika shimo mbili kwa wakati moja, ya 121 yako inaingia kila shimo, hiyo njo sababu mgongo unauma. Basi 137 usiiache, iwe tustroki iwe fostroki. Toka mapema, saa moja asubuhi, fika mapema.

Kitu kingine batu wanasahau: skrecha. Ni vile vijiwaya vya chuma vyenye vinakwaruza barafu na kurusha unga wa theluji kwenye radiyeta na kwenye reli, zile zenye cheni inateleza juu yake. Njia ikiwa barafu tupu hakuna theluji inaruka, injini inapanda joto, na zile plastiki za reli zinayeyuka. Nilisikia harufu ya plastiki inaungua nikafikiri ni ya mutu mwengine, kumbe ni yangu, nilizibadilisha zote mbili kwenye hoteli usiku. Shusha skrecha mara tu unaona njia inang'aa.

Na Indy 850 ni mashine nzuri, sina neno, lakini farasi za ziada utalipa kwenye sheli kila siku na utazitumia dakika kumi.

MtuWaTukuyu

Ndugu wa Masisi umenikumbusha mbali, kwetu pia machela.

Nyahururu kuna makaratasi sikuyataja. Mashine yako ina usajili wa Minnesota, haitoshi, Michigan wanataka kibali chao cha njia hata kwa mgeni, kinabandikwa kwenye mashine, na Ironwood imepakana na Hurley ya Wisconsin, ukivuka tu kale kamto unahitaji na kibali cha Wisconsin. Watu wanapigwa faini pale kwa sababu ya kwenda kula. Pia kile cheti cha mafunzo ya usalama, Minnesota ni kwa aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1976, Wisconsin ni aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1985. Wenzako wanacho? Njia za Michigan zinafunguliwa Desemba 1 na kufungwa Machi 31, Februari mpo salama.

Na ziwa. Msikate ziwa usiku, msikate ziwa msilolijua hata mchana kama hakuna alama za njia. Kwenu Minnesota wanasema barafu mpya safi inchi 5 mpaka 7 ndo inabeba pikipiki ya theluji, lakini karibu na mto unapoingia ziwani hiyo inchi haipo.

Nyahururu_hadi_Duluth

Asanteni sana, kwa kweli sikutegemea majibu ya kina namna hii. Dada umenipa picha ya hiyo kona na nimeshaagiza hicho kioo leo. Ndugu wa Masisi, pole na asante kwa hiyo ya Bombardier, nimemsomea mke wangu.

Cheti ninacho, mmoja wetu hana na anaangukia hapo baada ya 1976, ameanza kozi mtandaoni jana usiku. Nimeegemea 900 ACE kwa sababu ya mgongo na mafuta. Lakini swali moja linanisumbua: hao wenzangu wawili wote wana tustroki, mmoja ni 800 ya zamani kama ya yule wa Firesteel. Mimi nikiwa na tenki la maili nyingi si nitakuwa nawangoja tu? Ama nibebe jerikeni yao?

MtuWaTukuyu

Utawangoja, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe ndo kaa wa mwisho kwenye msafara, mwenye mafuta mengi na mashine isiyo na haraka anafaa nyuma. Kila makutano ya njia wa mbele asimame mpaka amwone wa nyuma yake, hata kama anaganda.

Jerikeni ndio, galoni mbili zinatosha, zile za kufunga kwenye rafu ya nyuma, si kidumu cha kawaida cha kamba. Abebe mwenye 800 mwenyewe, na amimine mapema wakati bado ana robo, mkiwa mmesimama sehemu pana, kabla haijazima kwenye kona. Kila mmoja awe na belti ya akiba, ule mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye cheni, ya saizi ya mashine yake na ajue kuibadilisha, mwambieni afanye mara moja gereji kwa mikono ya joto kwanza, na yenye namba sahihi, jamaa yangu alibeba miaka miwili belti isiyoingia. Siku mtakayolala Calumet niandikie, nikiwa off nakuja na yangu tupande wote Brockway.

Nyahururu_hadi_Duluth

Imeisha hiyo. Jumamosi naenda kuiona hiyo 900, naangalia betri, plastiki za reli na vyuma vya ski kwanza. Nitaleta maili na bei hapa kabla sijatoa pesa.