Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: twende lini?

Swali: Wadau, tunatoka Lindi mjini na wazee. Mwezi gani unafaa, na tuvuke saa ngapi?

Jibu: Epukeni masika, Machi hadi Mei, vijia vya magofuni huteleza. Juni hadi Oktoba ni pakavu, ila upepo wa kusi huchafua bahari mchana. Kateni kibali Kilwa Masoko siku moja kabla, mvuke mapema asubuhi.

Jibu: Mkuu, angalia na maji! Siku za bamvua (maji kujaa na kupwa sana), mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi. Mashua itasimama mbali, wazee wakanyage tope. Chagueni maji mafu, siku yanapopwa kidogo.

Swali: Viatu?

Jibu: Vya kufunika vidole. Mawe ya matumbawe yanakata. Kuta msipande, chokaa yake inamomonyoka.