Nusu marathoni chini ya saa 2: vipande vya kasi, kilomita za polepole, au kasi ya shindano?

NyayoMpya
Wakuu, habari zenu. Nilianza kukimbia mwaka jana, na nusu marathoni yangu ya kwanza nimeimaliza kwa 2:06. Kilomita 10 za mwanzo zilinichukua dakika 57, zile 11 zilizobaki zikala dakika 69. Muda wangu bora wa kilomita 10 peke yake ni 55:30. Shindano lijalo liko wiki 10 mbele na nataka kushuka chini ya saa 2, yaani wastani wa 5:41 kwa kilomita.

Kwa sasa nakimbia mara tatu kwa wiki, jumla kama kilomita 25. Ratiba yangu inaruhusu siku moja tu ya ziada. Niipe kipi?

A) Vipande vya kasi, mfano kilomita 1 mara 6 na mapumziko mafupi katikati.
B) Kilomita nyingine za polepole.
C) Kilomita 8 hadi 10 mfululizo kwa kasi ileile ya shindano.

Naomba mnipe na sababu, siyo herufi tu.

KasiKwanza
A, bila kusita. Angalia hesabu yako mwenyewe. 55:30 kwa kilomita 10 ni 5:33 kwa kilomita. Unataka kukimbia 5:41 kwa umbali zaidi ya mara mbili, na pengo ni sekunde 8 tu! Hapo unaishi karibu kabisa na ukomo wako, ndiyo maana ukifika nusu ya njia mwili unakataa. Vipande vinaongeza kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa kila pigo na kiasi cha oksijeni unachoweza kutumia. Ukomo ukipanda, 5:41 inakuwa mwendo wa kawaida.

PumziNdefu
Mkuu KasiKwanza, hesabu ni hiyohiyo ila mimi naisoma tofauti. Kuna kanuni ya Riegel ambayo wakimbiaji wengi huitumia kukisia muda: unachukua muda wa umbali mfupi, unauzidisha kwa uwiano wa umbali uliopandishwa kwa kipeo cha 1.06. Kutoka kilomita 10 kwenda nusu marathoni, kizidisho kinatoka kama 2.206. Kwa 55:30 jibu ni karibu 2:02:30. NyayoMpya, wewe umekimbia 2:06. Kwa hiyo kasi uliyonayo tayari ina thamani ya dakika tatu na nusu zaidi ya ulichoonyesha, na dakika hizo zilipotelea kwenye kilomita 11 za mwisho. Huo ni upungufu wa ustahimilivu.

Mimi nasema B. Kukimbia polepole kwa muda mrefu kunaongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha mwili kuchoma mafuta zaidi, ili akiba ya wanga isiishe mapema. Kwa mtu wa kilomita 25 kwa wiki hakuna faida kubwa kuliko hiyo. Panda taratibu hadi 38 au 40, na mbio ndefu ya wikendi ifike kilomita 17 au 18. Na polepole iwe polepole kweli: kwa kiwango chako ni 6:30 hadi 7:00 kwa kilomita, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi.

KanoNaMifupa
Naunga mkono B kwa sababu nyingine. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa hukomaa taratibu zaidi. Mkimbiaji wa mwaka mmoja anajisikia ana nguvu za kwenda vipande vya 5:10, kumbe kano ya kisigino haijafika huko. Maumivu ya muundi yakikushika wiki ya sita, mjadala wa A, B na C umekwisha. Dada au kaka, ukiongeza siku ya nne, wiki mbili za kwanza iwe kilomita 4 au 5 tu.

KasiKwanza
Nakubali hoja ya kano, na hiyo 2:02:30 imenishawishi kwa sehemu. Lakini PumziNdefu, kanuni yako inasema pia kwamba ili ashuke chini ya saa 2 anahitaji uwezo wa kilomita 10 kwa takriban 54:20. Ustahimilivu pekee unamfikisha 2:02:30. Zile dakika mbili na nusu zinatoka wapi?

PumziNdefu
Swali la haki. Nyingi zitatoka kwenye B yenyewe, maana mkimbiaji mpya akiongeza kilomita, muda wake wa kilomita 10 nao hushuka. Ila hapo ndipo C inapoingia, na haihitaji siku yake. Kuanzia wiki ya tano, chukua mbio moja ya katikati ya wiki, kimbia kilomita 2 za kupasha mwili, kisha dakika 10 mara mbili kwa kasi kati ya 5:30 na 5:41, katikati dakika 2 za mwendo mwepesi. Baadaye zifanye dakika 15 mara mbili. Siku ya nne ibaki polepole hadi mwisho.

KasiKwanza
Hapo tumekutana. Wiki mbili za mwisho punguza jumla ya kilomita, karibu nusu, lakini hizo dakika za kasi usizifute. Zifupishe.

NyayoMpya
Asanteni sana, naenda na B pamoja na hiyo ya katikati ya wiki. Na siku yenyewe je? Rafiki ananiambia nikimbie 5:30 mwanzoni nijiwekee akiba ya muda.

SaaMkononi
Usifanye hivyo, tafadhali. 5:30 kwa kilomita 10 ni dakika 55, haraka kuliko muda wako bora wa umbali huo, na bado una kilomita 11 mbele! Anza na 5:50 kwa kilomita 3. Utakuwa nyuma kwa sekunde 27 hivi, na kukimbia 5:39 kuanzia hapo kunakumalizisha 1:59:45. Kuna nguvu kubwa katika mwendo usioyumba: Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, kila kilomita 5 zake zilikuwa karibu na 14:12. Kukiwa na mweka kasi wa saa 2, mfuate kwa nyuma kidogo hizo kilomita za mwanzo, kisha jiunge naye.

Jambo moja ambalo wengi hawaliambiwi. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, kona kwa kona, na wewe hutaufuata. Saa yako ikisoma kilomita 21.3 mwishoni, 5:41 ya saa itakuacha nje ya lengo, kwa hiyo ilenge 5:38. Hesabu kwa mabango ya barabarani. Na bango la 21 siyo mwisho, zinabaki mita 97.5, ambazo kwa kasi yako ni sekunde 33. Lipite kabla ya 1:59:25.